Kampuni husema mara ngapi kwa mwaka? Namna ya kuipima bei ya hisa kampuni inapokuwa kimya

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 14 wanaolima mwani hapa Jambiani, Unguja. Daftari la kikundi liko kwangu, na tangu tulipoanza kununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa simu, daftari la hisa nalo likaja kwangu. Wenzangu huniuliza swali moja kila tunapokutana: hii bei tunayoiona kwenye simu ni ya kweli? Nami huwajibu kwa swali jengine: kampuni hiyo mara ya mwisho ilisema lini, yaani ilitoa lini taarifa ya hesabu zake?

Nitaeleza ninavyofanya, lakini kwanza kisa cha daftari letu wenyewe, maana ndicho kilichonifungua macho.

Zamani hesabu za kikundi tukizisoma mara moja kwa mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani. Tunajumlisha mauzo ya mwani mkavu, tunatoa gharama za kamba, vigingi na gari ya kupeleka magunia, tunagawa kwa 14, na kila mmoja anajua fungu lake lina thamani gani. Mwaka mmoja fungu lilitoka shilingi 180,000. Miezi kumi baadaye mwenzetu mmoja akaolewa Makunduchi, akataka kutoka kikundini, akaliuza fungu lake kwa wifi yangu kwa 180,000 hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo bei iliyokuwa midomoni mwa watu. Kumbe kaskazi ya mwaka ule ilikuwa kali. Maji yalipata moto, kotonii, aina ya mwani tunaoulima, ikaoza kambani, na kila aliyekuwa akishuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, alikwisha kuliona hilo kwa macho yake. Wifi yangu hakuwa akishuka. Alikuwa na mtoto mchanga. Siku ya kusoma hesabu, fungu likatoka 95,000.

Nilikaa naye ukumbini jioni ile, hana la kusema, anakunja na kukunjua kanga yake. Hakuna aliyemwibia. Bei ilikuwa ya zamani, na waliojua zaidi walikuwa wamekaa pembeni yake wakimwangalia analipa.

Baada ya hapo tukaamua kusoma hesabu mara nyingi zaidi, tena kwa pupa: kila bamvua, yaani kila wiki mbili. Mwani unataka wiki sita hivi kambani ili ukomae. Lakini kwa kuwa kila wiki mbili jina lako linasomwa na kilo zako mbele ya watu, wenzetu kadhaa wakaanza kukata mwani wa wiki tatu, ili wasionekane wavivu. Mwani mchanga haufai. Mnunuzi akiushika tu anaujua, anaukataa au anaushusha bei. Tulipoteza mavuno mawili kwa njia hiyo. Sasa tunasoma kila miezi mitatu, na mambo yametulia.

Hasara hizo mbili, ya kusema mara chache na ya kusema mara nyingi kupita kiasi, ndizo zinazobishaniwa katika masoko ya hisa ya dunia nzima.

Nani husema mara ngapi

Marekani, baada ya sheria yao ya masoko ya hisa ya 1934, walianza na taarifa ya mwaka. Mwaka 1955 wakaongeza ya nusu mwaka, na tangu 1970 kampuni za soko la hisa hulazimika kutoa taarifa kila robo mwaka. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia 2007, ulidai taarifa fupi kati ya ile ya nusu mwaka na ile ya mwaka mzima, kisha ukaliondoa sharti hilo. Uingereza ililifuta mwishoni mwa 2014. Singapore iliingia kwenye robo mwaka 2003, ikalegeza 2020. Mwaka 2018 Rais Donald Trump aliiomba mamlaka ya masoko ya Marekani ichunguze kurudi kwenye nusu mwaka, na 2025 akalirudia ombi lile lile. Kwa hiyo ukimsikia mtu anakwambia robo mwaka ndiyo sahihi na mjadala umefungwa, ujue haujafungwa.

Kwetu Tanzania, benki hutakiwa kuchapisha hesabu zao kila robo mwaka. Fungua gazeti mwishoni mwa Aprili, Julai, Oktoba na Januari, utakuta kurasa nzima za majedwali ya benki, maandishi madogo kama mchanga. Kampuni za saruji, gesi, huduma za uwanja wa ndege na kadhalika, nyingi hutoa taarifa ya nusu mwaka na ya mwaka mzima.

Hapa ndipo kikundi chetu kinapobanwa. Tulimuuliza sheikh wetu kabla ya kununua chochote, tukakubaliana: hisa za benki zinazoendeshwa kwa riba hatununui, za bia hatununui, za sigara hatununui. Zinazobaki karibu zote ni za kampuni zinazosema mara mbili kwa mwaka. Walio katika hali kama yetu Unguja na Pemba ni wengi, nao ndio ninaowakusudia zaidi. Sisi tunakaa na bei za kampuni zilizonyamaza muda mrefu, kwa hiyo lazima tujue namna ya kukaa nazo.

Umri wa habari

Chukua daftari, kila kampuni ipe ukurasa wake. Juu kabisa andika siku mwaka wake wa hesabu unapofungwa. Usidhani kampuni zote hufunga Desemba. Vodacom Tanzania, kwa mfano, hufunga mwaka 31 Machi, kwa hiyo nusu mwaka yake inaishia Septemba. Ukichanganya hapo, kila utakachokipiga hesabu baadaye kitakuwa kombo.

Chini yake andika tarehe mbili: siku ya mwisho iliyomo ndani ya taarifa ya karibuni, na siku taarifa hiyo ilipotangazwa. Wengi huishika ya pili. Mimi nakwambia shika ya kwanza. Taarifa iliyotangazwa mwishoni mwa Agosti ikieleza biashara hadi 30 Juni, siku inapotoka tayari ina umri wa miezi miwili.

Benki inayosema kila robo mwaka, habari yake huwa na umri wa mwezi mmoja inapotoka, na kabla haijatoka nyengine huwa imefika miezi minne. Kampuni ya nusu mwaka inayofunga Desemba ni jambo jengine: habari ya Juni hubaki ndiyo hiyo hiyo mpaka hesabu za mwaka zitoke, na zikitoka mwanzoni mwa Aprili ile habari ya Juni imefika miezi tisa. Miezi tisa ni mimba nzima. Katika muda huo mashine inaweza kuharibika, mteja mkubwa akahama, deni likaongezeka, na bei kwenye simu yako isitikisike.

Kikundi chetu kina kanuni. Habari ikiwa chini ya miezi minne, tunanunua kiasi tulichokipanga. Ikipita miezi sita, tunanunua nusu yake tu, nusu nyengine tunaiweka mpaka kampuni iseme. Kanuni hii hatukuipata kitabuni. Mwaka mmoja, Januari, tuliona hisa ya kampuni fulani imekaa bei ile ile wiki tatu. Mweka hazina wetu akasema imetulia, nami nikakubali, tukanunua hisa 2,000 kwa mkupuo mmoja. Taarifa yake ya mwisho ilikuwa ya Juni. Aprili hesabu za mwaka zikatoka: nusu ya pili ilikuwa ya hasara. Bei ikashuka kwa karibu moja ya tano, na tulipotaka kuuza, wanunuzi hawakuwapo. Nililisoma tangazo lile mara mbili nimekaa barazani, nikawaza wifi yangu na fungu lake.

Kosa langu halikuwa umri wa habari peke yake. Zile wiki tatu za utulivu, nilipokuja kuangalia kiasi kilichouzwa kila siku, nikakuta siku nyingi ni sifuri. Soko letu ni dogo, na kuna kampuni ambazo wiki nzima hupita bila hisa hata moja kubadilisha mkono. Bei unayoiona ni ya muuzaji na mnunuzi wa mwisho waliokutana, pengine zamani. Kwa hiyo kila ninapoandika bei, pembeni naandika pia idadi ya hisa zilizouzwa siku ile. Bei isiyo na mauzo nyuma yake naizungushia duara kwa kalamu nyekundu.

Kutoa, kutoa, kutoa

Hili la kutoa tarakimu moja kwenye nyengine ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halitaki elimu zaidi ya hesabu za skuli ya msingi.

Jedwali la benki huwa na safu nne kwenye sehemu ya mapato: robo hii, robo kama hii mwaka uliopita, jumla tangu mwaka uanze, na jumla kama hiyo ya mwaka uliopita. Sisi hisa zake hatununui, lakini kwa kujifunzia hakuna darasa zuri zaidi, maana kila kitu kimewekwa wazi na hutoka mara nne.

Tuseme benki moja, ya mfano tu, imepata faida ya bilioni 12 robo ya kwanza na bilioni 8 robo ya pili. Jumla ya nusu mwaka bilioni 20. Mwaka uliopita robo ya kwanza ilikuwa bilioni 9, ya pili 11. Jumla bilioni 20. Sasa fikiria benki hiyo ingekuwa inasema mara mbili tu kwa mwaka. Ungeona 20 na 20, ungesema imesimama, na bei isingekuwa na sababu ya kusogea. Lakini anayeziona robo anaona mengine kabisa: ilianza mwaka kwa kupanda kutoka 9 hadi 12, kisha ikaanguka kutoka 11 hadi 8. Ya kwanza ingeipandisha bei mwishoni mwa Aprili, ya pili ingeishusha mwishoni mwa Julai. Habari mbili, kila moja na uzito wake, na katika jumla ya nusu mwaka zinauana zisionekane.

Nikiulizwa mara za kusema zinaongeza nini ndani ya bei, mfano huo ndio ninaouchora mchangani. Kampuni inayosema mara nne, bei yake hupanda na kushuka kwa hatua ndogo ndogo. Inayosema mara mbili hukaa kimya, kisha huruka.

Kwa kampuni ya nusu mwaka, fanya kutoa kwako mwenyewe. Hesabu za mwaka zinapotoka, magazeti na hata madalali hutangaza faida ya mwaka mzima. Wewe rudi kwenye ukurasa wako, chukua ya nusu ya kwanza, itoe. Mwaka mzima bilioni 30, nusu ya kwanza 21: nusu ya pili ilikuwa 9 tu. Kampuni itasifiwa kwa 30, lakini inayoingia nayo mwaka mpya ni ile kasi ya 9. Fanya vivyo hivyo kwa mauzo na kwa gharama, siyo faida peke yake, maana mara nyingine faida imeshuka kwa sababu ya gharama ya mara moja na biashara yenyewe ni nzima.

Linganisha msimu na msimu wake. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili: hakuna anayelinganisha mavuno ya kaskazi na ya kusi. Wageni Zanzibar huwa wachache Aprili na Mei, hujaa Julai na Agosti. Mvua za masika huchelewesha ujenzi, na mwani pia haukauki. Basi Aprili hadi Juni ilinganishe na Aprili hadi Juni ya mwaka uliopita.

Na usisahau kwamba taarifa za katikati ya mwaka kwa kawaida hazijakaguliwa na mkaguzi wa nje. Za mwaka ndizo zilizokaguliwa. Nimewahi kuona tarakimu ya Juni ikirudi imebadilika katika kitabu cha mwaka. Ikitokea hivyo, tafuta maelezo yake kabla ya kufanya lolote.

Ukimya hauna maana ya kukosa dalili

Kampuni ikinyamaza, wengine husema. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa takwimu za robo mwaka zenye idadi ya laini za kila mtandao, kwa hiyo mwenye hisa za kampuni ya simu hana haja ya kungoja nusu mwaka ajue wateja wanaongezeka au wanahama. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hapa Zanzibar hutangaza idadi ya wageni walioingia kila mwezi. Benki Kuu hutoa mapitio ya uchumi ya kila mwezi. Haya yote ni bure, na mimi huyasoma kwa simu nikiwa nasubiri maji yatoke.

Kuwa na hadhari moja hapa. Watafiti wawili, Salman Arif na Emmanuel De George, walizichunguza kampuni za nchi mbalimbali zinazosema mara mbili kwa mwaka. Walikuta kwamba katika vipindi vyao vya ukimya, bei zake huyumba sana kampuni kubwa za Marekani za biashara ya aina hiyo hiyo zinapotangaza faida. Kisha kampuni yenyewe ikisema, sehemu ya myumbo ule hurudi nyuma. Maana yake, watu wenye kiu ya habari hunywa hata maji ya jirani, na huyanywa kupita kiasi.

Nimeliona hili kwenye mwani. Ikisikika Paje wamepata bei mbaya, huku Jambiani wenye haraka wanauza kwa hofu kabla mnunuzi wetu hajafika, na akifika anatoa bei ya kawaida. Kwa hiyo kampuni moja ya saruji ikitangaza matokeo mabaya, ya pili usiiuze siku hiyo hiyo. Jiulize kwanza: kilichoiumiza ile ya kwanza ni soko zima, au ni tanuri lake mwenyewe?

Kusema zaidi ya kulazimishwa

Utafiti wa Renhui Fu, Arthur Kraft na Huai Zhang juu ya kampuni za Marekani za miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1970, wakati nyengine zikisema mara moja, nyengine mbili, nyengine nne, ulionesha kwamba kusema mara nyingi zaidi kunapunguza pengo kati ya wanaojua na wasiojua, na kampuni inapata mtaji kwa gharama ndogo zaidi. Huyo ni wifi yangu kabisa. Lakini Kraft huyo huyo, pamoja na Marty Butler na Ira Weiss, walikuta kwamba kwa kampuni zilizoongeza mara za kusema kwa hiari yao, bei zao zilianza kuinasa habari ya faida mapema zaidi. Zilizolazimishwa, tofauti ilikuwa ndogo. Na katika utafiti mwengine, pamoja na Rahul Vashishtha na Mohan Venkatachalam, Kraft alikuta kampuni zilizoongezewa mara za kusema zilipunguza uwekezaji wao. Mimi niliposomewa hilo na mkwe wangu, nilimwambia: hao wanakata mwani wa wiki tatu.

Kwa hiyo kwenye daftari langu kuna alama mbili. Kampuni inayotoa habari zaidi ya inavyotakiwa na sheria, kwa mpangilio, mwaka wa kheri na mwaka wa shari, naiwekea nyota. Lazima iwe miaka yote miwili. Ya kusema ikifurahi tu haina nyota. Na kampuni ambayo kila ikikaribia kutoa taarifa faida yake inapanda huku fedha inayotumika kununua mitambo na kufungua matawi inapungua mwaka hadi mwaka, naiwekea msalaba. Hiyo inavuna kabla ya wakati.

Siku taarifa inapotoka

Siku hiyo usianze na simu, anza na daftari. Siku moja kabla, andika unachokitarajia: mauzo yatapanda au yatashuka, na kwa nini. Taarifa ikitoka, tafuta tarakimu tatu tu kwanza: mauzo, faida, na fedha taslimu zilizoingia kutokana na biashara yenyewe. Zitoe kama nilivyoeleza. Kisha soma maneno ya wakurugenzi, ukianzia mwisho, kwa sababu habari nzito mara nyingi huwekwa huko.

Usiweke amri ya kununua au kuuza siku ile ile kwa bei yoyote itakayopatikana. Weka bei yako mwenyewe. Katika soko lenye wanunuzi wachache, siku ya taarifa mtu mmoja mwenye haraka anaweza kuisukuma bei mbali, na ukimfuata unakuwa umelipia haraka yake.

Halafu andika bei nne: ya siku moja kabla ya taarifa, ya siku yenyewe, ya baada ya wiki moja, na ya baada ya mwezi. Mimi nina kurasa za namna hiyo kwa kampuni tano sasa. Kampuni mbili kati ya hizo bei huanza kusogea kabla ya tangazo, nikajua kuna wanaojua mapema, nazo hatuzinunui tena katika mwezi wa kuelekea taarifa. Moja huchukua karibu mwezi mzima bei ifike pale taarifa ilipoonesha, na kwa hiyo moja wifi yangu ndiye anayeniuliza kila mara, kalamu mkononi: hesabu zao zinatoka tarehe ngapi?